Tundu dogo la ubavuni: nilivyoiunganisha laptopu yangu ya 2012 na monita

Mwezi wa saba, mama mmoja mtu mzima katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Makorora, Tanga, alisomewa mbele ya wenzake kwamba hajalipa hisa za miezi miwili. Alikuwa amelipa. Fedha zake nilizipokea mimi, kwa mkono wangu, nikaziingiza kwenye kompyuta, ila zikaangukia mstari wa jirani yake. Hakugomba. Alijitanda mtandio wake vizuri, akaniambia, "Mwanangu, tazama tena." Usiku ule nilitazama tena nikalikuta kosa, na asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kumtaka radhi. Alinisamehe, lakini mimi niliona bado sijamaliza, kwa sababu kilichosababisha kosa kilikuwa palepale mezani kwangu.

Laptopu yangu ni ThinkPad X230, toleo la 2012, niliinunua ikiwa imeshatumika. Ni imara, sina la kuilaumu, ila kioo chake ni cha inchi 12.5. Daftari letu lina wanachama 42, na kila mwezi una hisa, mfuko wa jamii na faini. Hizo ni safu 36 kwa mwaka, mikopo bado. Nikifika mwezi wa saba majina yameshapotelea kushoto. Kuyagandisha majina, yaani kuyafanya yasisogee, najua, lakini yakigandishwa yanakula sehemu kubwa ya kioo, na kinachobaki ni cha kuchungulia.

Nyumbani kulikuwa na monita ya inchi 24. Mpwa wangu aliniachia alipohamishiwa Dodoma, ikakaa juu ya kabati imefunikwa kanga, maana waya niliokuwa nao haukuingia. Nyuma yake ina matundu mawili tu ya picha: HDMI na DisplayPort. Kwenye laptopu mimi nilikuwa nalijua tundu moja, lile pana la VGA lenye safu tatu za vishimo. Nikaenda Ngamiani, nikamwambia muuzaji nataka adapta ya VGA na HDMI. Akanipa moja ya shilingi 12,000, na waya wa VGA.

Nilipofika nyumbani kila kitu kiliingia mahali pake. Waya wa VGA ukaingia kwenye laptopu, ncha ya pili ikaingia kwenye adapta, adapta ikaingia kwenye HDMI ya monita. Hakuna kilicholegea. Monita ikawaka sekunde chache, ikaandika kwamba hakuna mawimbi, ikalala. Nilichomoa na kuchomeka tena mpaka adhuhuri. Nilipochunguza waya nikaona pini moja haipo, ya nne kwenye safu ya kati, nikadhani nimeuziwa waya mbovu.

Aliyenitoa gizani ni kijana fundi mwenye kibanda karibu na soko la Mgandini. Safari hii sikwenda na maelezo ya mdomo. Nilibeba laptopu yenyewe, waya, adapta, na picha ya nyuma ya monita kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie huu waya, una pini pungufu."

Akautazama, akasema waya ni mzima. Pini ya tisa waya nyingi za VGA hazina, na picha haipiti hapo. Kisha akaishika adapta, akanionyesha maandishi madogo mgongoni mwake: HDMI imetangulia, VGA inafuata. "Hii mama inakwenda upande mmoja tu. Inapokea HDMI kutoka kwenye kompyuta, inatoa VGA kwenda kwenye kioo. Wewe kompyuta yako ndiyo inayotoa VGA. Umeiweka kinyumenyume."

Neno hilo ndilo ningependa limfikie kila anayetafuta adapta. Sisi tunaulizia adapta ya hiki na kile, kana kwamba ni bomba la maji, litapitisha upande wowote. Jina linaloanza ni la kule picha inakotoka, yaani laptopu. Linalofuata ni la kule inakokwenda. Na kuingia vizuri kwenye tundu si ushahidi wa chochote.

Alikuwa na adapta ya upande sahihi, VGA kwenda HDMI, shilingi 25,000. Hii ina mikia miwili, mmoja wa USB na mmoja wa sauti. Nikamuuliza mikia ya nini. VGA, akasema, ilianza 1987, zama za monita za chogo, na rangi zake nyekundu, kijani na bluu zinapita kila moja kwenye waya wake kama umeme unaopanda na kushuka. HDMI yenyewe inapeleka namba. Kwa hiyo ndani ya adapta kuna kichipu kinachoupima ule umeme na kuugeuza namba, nacho kinahitaji chakula chake, ndiyo huo mkia wa USB. Na kwa kuwa VGA haibebi sauti, sauti inachukuliwa pembeni.

Aliichomeka palepale kwenye monita yake. Picha ikaja, nikafurahi. Halafu nikafungua daftari la kikundi, nikasogea. Herufi zilikuwa na ukungu mwembamba pembezoni, kama mtu anayesoma na miwani isiyo yake. 3 na 8 zilifanana. 6 nayo ikawa inajifunga kama 8. Kwa anayetazama mpira pengine hilo si neno. Kwangu mimi, 3,000 ikisomeka 8,000 ni mama mwingine atakayesomewa mbele ya wenzake jambo asilolifanya. Nikamwambia fundi kwa heshima kwamba hii siichukui.

Hakukasirika. Aliigeuza laptopu ubavu, akawasha tochi ya simu, akamulika kando ya tundu la VGA. "Mama, na hili unalijua?" Tundu dogo, jembamba, upana wake haufiki kucha ya kidole gumba, pembe zake mbili za chini zimekatwa. Miaka yote nililipangusa vumbi bila kujua ni la nini. Ni DisplayPort ndogo, umbo lililoletwa na Apple mwaka 2008 na likatumiwa na watengenezaji wengine pia. Baadaye nikaelewa kwa nini laptopu za miaka ile zina matundu ya zama mbili: Desemba 2010 Intel, AMD na baadhi ya watengenezaji, Lenovo waliotengeneza yangu wakiwemo, walitangaza kwamba VGA wataiondoa taratibu ifikapo 2015. Yangu imezaliwa katikati ya kuhama huko, nyumba ya zamani haijabomolewa na mpya imeshajengwa.

Tundu hilo linatoa namba tayari, hakuna umeme wa kupimwa upya. Tena laptopu ikihisi kwamba kilichochomekwa ni adapta ya HDMI, yenyewe inaanza kutoa mawimbi ya HDMI. Ndiyo maana adapta yake ni kipande kifupi, hakina mkia wa USB, na sauti inapita humohumo. Hii nayo ni ya upande mmoja: laptopu yenye HDMI haitafika kwenye monita ya DisplayPort kwa kipande hiki.

Siku ile hakuwa nayo. Aliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi, kesho yake nikaichukua stendi ya Kange. Adapta shilingi 18,000, mzigo 3,000. Kabla sijamlipa niliifungua laptopu kibandani kwake, tukaiwasha na daftari langu lenyewe, si picha ya maua. Nikaitazama 8. Nikaitazama 3. Kila moja ilikuwa peke yake.

Nyumbani nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua picha iende kwenye kioo cha pili peke yake, kisha nikahakikisha vipimo ni 1920 kwa 1080, ambavyo ndivyo vya asili vya monita yangu. Ukiviacha vya laptopu, 1366 kwa 768, ukungu unarudi hata kwa adapta nzuri, kwa kuwa monita inalazimika kuivuta picha.

Mwenye laptopu isiyo na tundu jingine ila VGA, ushauri wangu ni atafute kwanza monita iliyotumika yenye VGA, waya mmoja unatosha. Ile adapta yenye mikia iwe ya mwisho, na aijaribu kwa kazi yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Mwenye laptopu mpya ya USB-C naye asidhani kila tundu la C linatoa picha. Atazame pembeni yake kama kuna alama ya DisplayPort au ya radi (Thunderbolt), au asome maelezo ya modeli yake.

Mkutano wa mwezi wa nane tulifanyia barazani kwangu. Monita niliiweka juu ya meza, wanachama wamekaa kwenye mikeka, na badala ya kusoma peke yangu niliwaachia kila mmoja autazame mstari wake. Safu ya majina na mwezi wa saba zilionekana pamoja. Yule mama alinyanyuka, akasogea mpaka mezani, akaweka kidole kwenye jina lake, akakivuta taratibu kwenda kulia, mwezi kwa mwezi, bila kukigusa kioo. Alipofika mwezi wa saba akasimama. Akasoma kwa sauti kiasi alicholipa.

"Nirudishe mwezi wa sita, mwanangu," akasema. "Nao nauangalia."