Bili ya hospitali ilivyonifuata hadi kwenye kibali cha usalama

Jamani mi nilidhani deni ni langu na anayenidai tu, kumbe hapa Marekani ukitafuta kazi ya serikali inayotaka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, wanakuchimba mpaka mfukoni. Ile fomu ya kuombea kibali, SF-86, sehemu ya 26 yote ni hela: umewahi kufilisika, kodi umelipa, kuna deni lililopitiliza siku 120 ndani ya miaka 7... niliikodolea macho mpaka saa nane usiku, chai imepoa pembeni.

Mama watoto alijifungua kwa upasuaji, mi nikaachishwa kazi mwezi huohuo, bili ya dola 6,200 ikaishia kwa wakusanya madeni. Rafiki akaniambia usiiandike bwana, hawataiona. Nikakataa, maana ripoti yako ya mikopo wanaivuta tu, na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, deni sio.

Baadaye ikaja barua ya sababu za kutaka kuninyima kibali, siku 20 za kujibu. Nililia wallahi.

Nikatuma barua ya kuachishwa kazi, makubaliano ya kulipa dola 150 kila mwezi na risiti 14 nimezibana stepla. Hofu yao ni kwamba aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri, ila kanuni zao zinamwangalia mtu aliyepatwa na shida isiyo ya kutaka na analipa kwa nia njema. Kibali kimetoka juzi. Zimebaki dola 4,100, nalipa.