Sensoji, hekalu la sanamu isiyoonekana

Sensoji ndilo hekalu kongwe kuliko yote ya Kibudha jijini Tokyo, lakini karibu kila kitu ambacho wageni hukipiga picha pale kina umri mdogo kuliko wa mama yangu. Lango la Kaminarimon, lenye fanusi nyekundu ya karatasi iliyo na uzito wa kilo 700 hivi, liliteketea mwaka 1865, na halikujengwa tena hadi 1960, pale Konosuke Matsushita, mwasisi wa kampuni ambayo leo inaitwa Panasonic, alipotoa fedha baada ya kupona maradhi yake. Ukumbi mkuu ni wa 1958, umejengwa kwa zege, na vigae vyake vya sasa ni vya titani. Nilipoyafahamu hayo nikajiuliza, basi ukongwe wenyewe uko wapi?

Kwa mujibu wa masimulizi ya hekalu, mwaka 628 ndugu wawili wavuvi, Hamanari na Takenari, walitega wavu katika Mto Sumida wakaopoa sanamu ndogo ya Kannon, mtukufu wa huruma katika imani ya Kibudha. Mkuu wa kijiji chao akaitambua, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Mwaka 645 mtawa mmoja aliamuru sanamu hiyo ifichwe, na tangu hapo waumini hawaonyeshwi. Maelfu ya watu hupanda ngazi zile kila siku, wakatupa sarafu katika sanduku kubwa la mbao, wakaunganisha viganja na kuinamisha vichwa mbele ya kitu ambacho wala wao wala babu zao hawajapata kukitia machoni. Mimi niliyelelewa katika dini isiyotaka sanamu kabisa nilidhani ningejihisi mgeni mahali pale, kumbe jambo hilo ndilo lililonisogeza karibu zaidi.

Mbele ya ukumbi kuna chetezo kikubwa cha shaba nyeusi chenye paa lake, kilichojaa majivu na vijiti vya ubani. Mama mmoja mzee alikuwa akiuchota moshi kwa viganja na kujipaka magotini, kwanza la kulia, kisha la kushoto, bila haraka yoyote, huku vijana waliokuwa nyuma yake wakijipungia vichwani ili, kama inavyoaminika, wapate akili. Aliyekulia kwenye nyumba inayofukizwa udi kila Alhamisi jioni hahitaji kuelezwa kinachoendelea pale.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mitaa hii ya nyumba za mbao. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 100,000 walikufa. Ukumbi wa 1649, uliokuwa umenusurika katika tetemeko kubwa la 1923, uliungua wote. Uani bado umesimama mti wa ginko uliopitiwa na moto ule: upande mmoja gome lake limepasuka na mti wa ndani ni mweusi kama mkaa, ilhali juu matawi yana majani mabichi tele. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sikumwona mgeni hata mmoja akisimama.

Kwa yen 100 nilibahatisha karatasi ya bahati. Unatikisa kopo la chuma hadi kijiti chenye namba kichomoze, kisha unafungua droo yenye namba hiyo. Yangu iliandikwa *kyo*, yaani nuksi. Sensoji wanajulikana kwa kutopunguza karatasi za nuksi ili kuwafurahisha wateja, na nawaheshimu kwa hilo. Niliifunga kwenye vyuma vilivyowekwa kwa kazi hiyo, ili balaa ibaki kwao.

Ukitaka kitu cha kale cha kugusa kwa mkono, nenda upande wa mashariki kwenye lango la Nitenmon la karne ya 17, ambalo moto haukulifikia. Karibu yake kuna madhabahu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, ambako wale wavuvi wawili na mkuu wao wa kijiji huabudiwa kama miungu. Kule waumini hupiga makofi mara mbili wanapoomba. Hekaluni hawapigi, na nilimwona baba mmoja akimshika mwanawe mikono kwa upole alipotaka kuyapiga mahali pasipo pake.