Gari lilikuwa zito, kumbe ni masizi

Wiki mbili nzima gari langu limenikosesha raha. Nakanyaga mafuta, linasita, ndipo linavuta. Kulipita lori barabarani ikawa ni kumwomba Mungu. Nilishabadilisha plagi na chujio la hewa, wapi!

Jana fundi akafungua bomba la hewa, akaniita nitazame mwenyewe. Kile kisahani cha throto, yaani mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini, kilizungukwa na utepe mweusi wa masizi, unanata kama lami. Kikianza kufunguka kinakwama kidogo, kisha kinaruka. Akazima swichi, akachomoa waya wa betri, akanyunyizia kitambaa dawa ya kusafishia throto na kufuta taratibu, mbele na nyuma. Hakukisukuma kwa nguvu, maana throto nyingi za umeme zina gia ndogo za plastiki ndani. Zikivunjika unanunua throto nzima.

Tulipowasha, injini ikanguruma kwa kasi ya juu kwa muda hadi kompyuta ya gari ilipojirekebisha. Likikutokea usishtuke, huwa hivyo baada ya kusafisha. Leo asubuhi nimegusa mafuta kidogo tu, likaitika papo hapo. Nimefurahi mno, jamani!