Namna niliacha kugonga kopo kule Kadutu

Siku ya kwanza ya kuuza maharagi kule soko ya Kadutu, hapa Bukavu, mama wa meza ya pembeni alichukua kopo yangu ya Guigoz, ile ya maziwa ya unga tunapimiaga, akaigeuza, akagonga chini na jiwe mpaka tako yake ikaingia ndani kama sahani. "Bila hii hautakula, dada." Nikamshukuru! Nikauza hivo miaka kama miwili, Mungu anisamehe.

Kilichonirudisha ni Ramadhani. Niko natema mate naogopa kuvunja saumu, na ule ule mkono uko unapima pungufu. Al-Mutaffifin, sura ya 83, nilikariri tangu madrasa, ile inaanza na "Ole wao wapunjao", na sikujionaga mule ndani hata siku moja.

Basi nikanunua kopo nzima, nikaongeza bei franga mia mbili hivi juu gunia la maharagi ya Minova lilikuwa linaishaga mbio. Weee! Watu wanauliza bei, wanaenda zao. Wiki tatu mtaji ukakauka, shemeji akanambia niende kwa lamberi, ule anakopeshaga na riba, unachukua mia unarudisha mia na makumi tano mwisho wa mwezi. Eti "kukatazwa riba ni kwa matajiri". Shauri gani ile? Nikaingia likirimba ya wamama wa msikiti, kila mtu anachanga, mmoja anabeba, hakuna cha kuongeza.

Sasa dawa yenyewe: ile kopo ya zamani sikutupa. Mteja akilalamikia bei, naijaza mpaka juu, namwaga ndani ya ile nzima, anaona inabakia vidole viwili wazi, ananyamaza, halafu anacheka, anaita ndugu yake mkubwa. Mstari mzima walininunia, mama wa pembeni hakunisalimia karibu mwezi. Lakini mi sikutaja mtu, kopo ya kugongwa ilikuwa yangu mwenyewe!

Na wale niliowapunja? Shehe alisema ninaowajua niwarudishie, wengine nitoe sadaka kwa niaba yao. Mama mmoja wa Panzi nilimpelekea kopo tatu za maharagi, akafikiri nimegonjwa.

Bismillahi nayo nasemaga polepole kila nikiingiza mkono mu gunia, juu nikifanya haraka mkono unakumbuka ya zamani. Juzi kalikuja katoto kametumwa, kamefinya makuta mkononi, kakaniangalia nikipima, kakasema: "Mama, toa kidole."

Kidole gumba kilikuwa ndani ya kopo. Nikatoa.