Kuiunganisha upya giaboksi ya MGB nyumbani Malindi

Wanaoanza kazi hii huogopa meno ya gia, ilhali kinachosumbua kweli ni shafti ya chini. Katika giaboksi ya MGB, gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, kundi la gia za chini hulazwa kwanza ndani ya kasha, kisha shafti kuu na ile inayotoka kwenye klachi hutiwa mahali pake. Ndipo kundi lile huinuliwa kwa nyuzi, taratibu, hadi matundu yalingane na shafti yake ipenye. Beringi zake za sindano, yaani vijiti vyembamba vya chuma vinavyoizunguka shafti, hushikiliwa kwa grisi na kipande cha chuma cha mviringo, kifupi kuliko shafti, ambacho husukumwa nje na shafti yenyewe inapoingia. Sindano zikiponyoka, hapana budi kuanza tena.

Nyumba yetu haiko mbali na ufuo, na kaskazi ikivuma hupeperusha mchanga hadi chumbani. Kwa hiyo madirisha niliyafunga, joto nikalivumilia, na kila beringi ikabaki imefungwa katika karatasi hadi zamu yake. Hewa ya chumvi nayo hukitia kutu upesi chuma kilichosafishwa kwa petroli, hivyo nilikipaka oili papo hapo.

Ringi za sinkro, zile za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zilikuwa zimelika, nami sikuona sababu ya kuzirudisha, ingawa mjomba alishikilia kuwa bado nzima. Mwisho nilitia oili ya injini ya 20W-50, si ile nzito ya gia, kisha nikazungusha shafti kwa mkono: gia zote nne, na ya kurudi nyuma, ziliingia bila kukwaruza.