Sketi ya asubuhi, sketi ya jioni

Kwa karibu miaka minne nilikuwa na sketi mbili za kazini kwa siku moja. Ya zipu na kifungo nilitoka nayo nyumbani asubuhi. Ya lastiki ilikaa kwenye droo ya meza ofisini, chini ya mafaili, nikiibadilisha baada ya chakula cha mchana. Asubuhi tumbo limelala, ikifika saa tisa alasiri limesimama kama la mja mzito wa miezi mitano. Kwenye harusi moja Tanga, shangazi alinivuta pembeni, akaniwekea kiganja tumboni na kuninong'oneza: "Mwanangu, mimi si wa kukusema. Niambie tu, ni ya nani?" Nilicheka mpaka upepo ukanitoka, na hapo ndipo aliponiamini.

Yalianza 2018 kwa kuharisha siku nne baada ya kula chakula kilicholala. Kuharisha kulikoma, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Wiki hii choo kigumu kama cha mbuzi, wiki ijayo nashuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya changu natafuta msikiti. Misikiti ya barabara ya kutoka Mbagala mpaka Posta naijua kwa vyoo vyake: upi una maji, upi mlango wa upande wa wanawake unafungwa mchana.

Nikapita njia tunayopita wengi. Kipimo cha damu, "una taifodi", sindano. Miezi miwili baadaye, "hii ni amiba", Flagyl, dawa inayoua amiba na baadhi ya bakteria pia. Flagyl ilinisaidia kweli. Kila nilipoimeza, tumbo lilishuka wiki mbili, tatu, kisha likarudi palepale. Walionitibu waliichukua nafuu ile kuwa ushahidi wa amiba, nami nikaona sawa. Hakuna aliyeuliza kwa nini choo changu kikipimwa hakina amiba. Baadaye nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, nikaanza omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni, kila asubuhi. Nilipangiwa wiki nne. Nilizimeza miaka miwili, kwa kuwa duka la dawa la mtaani kwetu lilikuwa linaniuzia bila swali.

Fununu ya kwanza niliipata Ramadhani. Siku ya tatu ya mfungo, nimetoka kuswali Alasiri, nikaona nimevaa sketi ya zipu na haibani. Siku ya nne vilevile. Nikadhani nimepona kwa baraka za mwezi. Kisha adhana ya Magharibi: uji, tambi za sukari, maharage ya nazi, kaimati mbili. Hata Isha haijaingia nikawa puto. Kitu kilikuwa kinanifanyia kazi nikiwa na njaa na kunivuruga nikila, ila sikukijua jina.

Jina nililipata mbali na nyumbani. Mwaka 2022 nilimsindikiza baba kwenda Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Wiki ya pili, yeye amelazwa na mimi nimechoka kukaa kwenye benchi, nikachukua namba ya kumwona daktari wa utumbo kwenye hospitali ileile. Aliuliza maswali ambayo sikuwa nimewahi kuulizwa. Umepungua uzito bila sababu? Choo kina damu? Maumivu yanakuamsha usiku? Kwenu kuna aliyepata saratani ya utumbo? Yote hapana. Akasema tumbo linalouma angalau siku moja kila wiki kwa miezi mitatu, maumivu yakiandamana na mabadiliko ya choo, ndiyo sura ya IBS, yaani utumbo mwepesi wa kustuka, na kwamba baadhi ya watu huipata baada ya kuharisha vibaya kama mimi. Kisha akaongeza: "Lakini huku kuvimba kwako kuna haraka mno. Nataka kupima pumzi."

Jana yake nikala wali mweupe na kuku wa kuchemsha tu, bila maharage, bila maziwa, bila matunda. Usiku sikula kitu. Asubuhi nikapuliza kwenye kimashine kidogo chenye mrija wa karatasi, ikasoma 5. Nikapewa glasi ya maji ya glukosi, matamu ya kukera, kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikipuliza kila baada ya dakika 15. Muuguzi aliandika namba kwa penseli, nami nikawa nachungulia: 6, 9, 22, 38. Hadi hapo ni saa moja tu imepita, na tumbo lilikuwa linanguruma kiasi kwamba mzee wa jirani alinigeukia.

Maana yake ni hii. Mwili wa binadamu hautengenezi haidrojeni. Bakteria ndio wanaoitengeneza wakila sukari, gesi inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Bakteria wengi makazi yao ni utumbo mpana, na glukosi kwa kawaida hufyonzwa yote juu, kabla ya kufika huko. Kwa hiyo gesi ikipanda mapema, kwa sehemu 20 kwa milioni au zaidi juu ya ilipoanzia, kuna bakteria waliojaa kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo wanatakiwa wawe wachache. Hiyo ndiyo SIBO. Flagyl ilikuwa inawapunguza hao, bila mtu kujua anawapunguza nani.

Alinipa rifaksimini, miligramu 550 mara tatu kwa siku kwa siku 14, vidonge 42. Ni antibayotiki ambayo karibu yote hubaki ndani ya utumbo, haiingii sana kwenye damu. Siku ya tisa nilifunga kifungo cha sketi saa kumi na moja jioni, nikampigia shangazi simu ya video.

Nilidhani nimemaliza. Nikasahau kwamba daktari alitaja vitu viwili, IBS na SIBO. Bakteria walipungua, lakini utumbo wenyewe ulibaki mwepesi wa kustuka: kikao cha bajeti, kuhara, safari ya basi, kufunga choo. Na miezi mitano baadaye tumbo likaanza kusimama tena. Nilipompigia hakushangaa. Alisema dawa inafagia nyumba, haizibi tundu linaloingiza uchafu, na akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikataja omeprazo kama mtu anayetaja chumvi. Kimya kidogo upande wa pili. Asidi ya tumboni, akasema, ni mojawapo ya vitu vinavyowazuia bakteria wasizaliane huko juu, na mimi nilikuwa naizima kila asubuhi kwa miaka miwili bila kupimwa kama vidonda hivyo vipo. Sikuiacha kwa siku moja, maana ukikata ghafla kiungulia hurudi kwa hasira. Daktari wa hapa Dar alinipunguzia taratibu kwa wiki sita.

Tundu la pili lilikuwa ushauri mzuri wa mama: "Kula kidogo kidogo mwanangu, usiache tumbo tupu." Nilikuwa natafuna kutwa. Karanga kwenye mkoba, andazi saa nne, chai ya sukari kila mtu anapochemsha. Kumbe utumbo mwembamba ukiwa mtupu una mfagio wake, wimbi la misuli linalopita kila baada ya saa moja na nusu au mbili na kusukuma mabaki na bakteria kwenda chini. Ukitia kitu tumboni, mfagio unasimama. Mimi nilikuwa nausimamisha kuanzia alfajiri mpaka kulala, isipokuwa Ramadhani. Siku hizi nakula saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku. Katikati ni maji, au chai ya rangi isiyo na sukari. Wiki mbili za kwanza nilikuwa mkali kama nyoka, waulizeni wenzangu wa ofisini. Mama bado hajakubali, na nikienda kwake nabeba andazi lake kwenye mkoba ili tusigombane.

Tena dozi ya pili ya rifaksimini, safari hii ikiambatana na jiko.

Jiko ndilo lililonitoa jasho. Orodha nilizopewa zilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliopima vyakula vyenye sukari za kuchachuka ambazo wanaziita FODMAP. Zimejaa vyakula ambavyo sijawahi kuviona sokoni Temeke, lakini ukishaelewa msingi unaweza kupika chakula chetu. Sembe, wali, samaki, mayai, nyama, viazi, karoti, papai, nanasi, chungwa: haya hayakunisumbua. Ndizi nakula ikiwa haijaiva sana. Vita vilikuwa kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, na niambie ni mchuzi gani wa Kiswahili unaanza bila hivyo viwili. Mwanzoni nilikuwa naviopoa kabla ya kula, nikijiona mjanja. Haisaidii, kwa sababu sukari yake inayeyuka kwenye maji, na mchuzi ni maji. Haiyeyuki kwenye mafuta. Basi nakaanga punje za saumu kwenye mafuta matupu moto mdogo mpaka zibadilike rangi, nazitoa zote, ndipo natia nyanya na samaki. Harufu ipo, tumbo kimya. Badala ya kitunguu maji natumia majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu. Mafuta hayo napika ya siku hiyohiyo, siyaweki kwenye chupa, maana saumu iliyokaa kwenye mafuta nje ya friji inaweza kuzalisha sumu mbaya.

Ukali huo nilikaa nao wiki sita tu, kisha nikawa narudisha kimoja kimoja kwa siku tatu, naandika kwenye daftari la shule la mstari. Hapo ndipo nilipopata faraja. Maziwa nusu kikombe: hamna neno. Chapati moja: sawa, mbili: majuto. Maharage yaliyolowekwa usiku, maji yakamwagwa, yakachemshwa na maji kumwagwa tena, vijiko vitatu napita. Embe dodo nusu. Saumu nzima: hapana kabisa. Wanaobaki kwenye orodha kali miaka nenda rudi nawaonea huruma, nami ningekuwa mmoja wao kama daktari hangenikaripia.

Kwa upande wa utumbo wenye kustuka, kilichonisaidia ni kuamka mapema dakika arobaini, nikae chooni bila haraka, badala ya kukimbilia daladala na kulipa deni njiani.

Juzi tulikuwa na harusi ya binamu. Pilau ikaletwa, imekaangiwa vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, na shangazi yuleyule ndiye aliyekuwa anapakua. Nikala sahani nzima na kachumbari juu. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimejaa, nimeegemea nguzo, nikihesabu saa za mfagio. Shangazi akanitazama tumbo, nikamtazama. Nilikuwa nimevaa dera.