Tonge la Yuda

Bwana asifiwe, wapendwa.

Neno hilo tunaloitana ndilo lililotukaa moyoni wiki nzima. Hapa Dar mtu akisema "yule ni mpendwa", kila mmoja anaelewa: ameokoka, anasali, ni wa kwetu. Basi kijana wa nyumba ya pili, anayerudi alfajiri amelewa na kumfokea mama yake kila akitajiwa habari za wokovu, yeye tumwiteje? Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kwenye jumuiya ni hili: Mungu anampenda mtu asiyetubu, tena asiye na nia ya kutubu?

Fungueni Yohana 13, msome polepole. Mstari wa 1, Yesu aliwapenda watu wake upeo. Mstari wa 2, Ibilisi amekwisha kumtia Yuda moyo wa kumsaliti. Mstari wa 5, maji yanatiwa katika bakuli na miguu inaoshwa, na hatusomi popote kwamba Yuda alirukwa. Yesu alijua ameshika mguu wa nani, maana mstari wa 10 anasema, "nanyi mmekuwa safi, lakini si nyote." Kisha mstari wa 26 analitowelea tonge, anampa Yuda.

Tonge tunalijua sisi. Halirushwi kama mfupa. Linamegwa kwa vidole, linachovywa mchuzini, linatoka mkono hadi mkono, na ukiona mtu anammegea mwenzake hivyo, unajua pana mapenzi. Yuda alipewa tonge hilo bei ikiwa imeshakubaliwa, vipande 30 vya fedha (Mathayo 26:15). Hakuwa ametubu. Hakuwa hata amelia. Mkono wa Bwana ulimfikia vilevile, kwa sababu Kristo alitufia "tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8), si baada ya kutengenea.

Lakini someni hadi mstari wa 30. Alilipokea tonge, akatoka mara hiyo, "nako kulikuwa ni usiku." Kupendwa ni jambo moja, kupatanishwa na Mungu ni jingine. Tajiri wa Marko 10:21 alikaziwa macho na Yesu, akapendwa, akaambiwa ukweli kuhusu mali yake, naye akaenda zake kwa huzuni. Yesu hakumkimbilia ampunguzie masharti. Kwa hiyo anayefundisha kwamba Mungu ni upendo, basi kaa ulivyo, anawapotosha watu. Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu wakuvuta upate kutubu, na mstari wa 5 unasema moyo usio na toba unajiwekea akiba ya hasira. Zaburi 5:5 nayo, isemayo Mungu anawachukia wote watendao ubatili, imo katika Biblia hiyo hiyo, hatuifuti. Mungu anachukia uovu hasa kwa sababu anampenda anayeangamizwa nao. Hafurahii kufa kwake mtu mwovu (Ezekieli 33:11).

Sasa tuambizane ukweli, wapendwa, maana hapa ndipo tunapokosea. Mathayo 18:15–17 ina hatua: kwanza umwendee wewe na yeye peke yenu, asiposikia, uchukue mmoja au wawili, kisha kanisa. Sisi tunaanzia mwisho. Ombi linaandikwa kwenye grupu la maombi, "tumkumbuke ndugu yetu fulani, siku hizi anaishi na mwanamke Mbagala," na kufikia jioni mtaa mzima umeshajua. Huo ni umbea uliovikwa kanzu ya sala. Mtu akisikia dhambi yake kwa watu kabla ya kuambiwa na wewe, nguvu zake zote anazitumia kutetea jina lake, na toba haipati nafasi.

Asiposikia hata kanisa, awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Ni kweli, na Paulo anaongeza kwamba anayejiita ndugu huku anashikilia uovu, msile naye (1 Wakorintho 5:11). Kutengwa kupo, na kuna uzito. Ila watoza ushuru Yesu aliwafanyaje? Aliwaita. Na 2 Wathesalonike 3:15 inaweka mpaka: msimhesabu kuwa adui, mwonyeni kama ndugu. Asipewe huduma madhabahuni, sawa. Lakini mama yake akifiwa, tunakaa nyumbani kwa sababu gani? Akilazwa, nani amekataza kupeleka uji? Mnamtoa kwenye grupu, mnavuka barabara mkimwona, halafu mnasema anajua mlango wa kanisa ulipo. Mlango anaujua. Mkono wa mtu ndio hajauona.

Hata maombi yetu yanahitaji toba. Acheni "Bwana, mshughulikie." Ombeni kama 2 Timotheo 2:25 inavyotufundisha, kwamba Mungu ampe kutubu, maana toba yenyewe hutolewa na Mungu. Mwombeeni kwa jina lake, kila siku, na mwombe pia afya yake na riziki yake, kama Baba anyesheavyo mvua ya masika juu ya bati lake na lenu.

Jumamosi hii, kabla ya kufunga ibada ya jumuiya, kila mmoja amtaje mbele za Mungu, kimoyomoyo, mtu mmoja asiyetaka kusikia. Kisha mkitawanyika, kila mmoja apite kwa huyo aliyemtaja, abishe hodi, na safari hii asiulize habari za kanisa. Aulize kama wamekula.